Pumzi ya Mpuliza Saksafoni

Mwezi wa Julai, saa mbili usiku, pale Njombe mjini, hakuna mwanamuziki anayeteseka jukwaani kama mpuliza saksafoni. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haina mzaha. Mpiga dramu nyimbo mbili tu zinamtoa jasho. Mpiga gita anasugua vidole, anarekebisha nyuzi, mambo yanakwenda. Mpulizaji yeye ameshika bomba la shaba lililopoa, na hewa ikipoa ndani ya bomba, sauti hushuka: joto likipungua nyuzi 10, inapotea karibu theluthi ya nusu toni. Nyuzi za gita, kwa baridi hiyohiyo, hujikaza na kupanda. Vyombo viwili vya jukwaa moja vinakimbiana kabla wimbo haujaanza.

Mtazame sasa mwenye saksafoni. Anapuliza bila kutoa sauti, anapasha bomba joto kwa pumzi yake. Anausukuma mdomo wa chombo kwenye kizibo cha shingo, kama upana wa ukucha, anajaribu noti moja dhidi ya gita, anasukuma tena kidogo. Kile kipande cha mwanzi kinachotetemeka na kutoa sauti alikuwa ameshakilowesha ulimini kabla ya kukifunga kwenye chombo, kwa sababu kikikauka hukwaruza. Mwimbaji anaposema habari za jioni, mwenzake ameshafanya kazi ya robo saa, na hakuna aliyemwona.

Sifa za muziki wa dansi tumezoea kuzigawa vibaya. Mwimbaji huchukua fungu la kwanza, mpiga solo la pili, na mpulizaji hubaki kukumbukwa na wale waliosimama karibu na jukwaa. Ni wangapi leo wanaweza kuwataja Joseph Lusungu na Mnenge Ramadhani, wapulizaji wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964? Lakini mpigie mtu wa makamo kanda ya Radio Tanzania ya enzi hizo. Midomo ya bata, kama tunavyoziita saksafoni, ikiingia tu, anaitaja bendi kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Kwangu mimi, kipimo cha kazi hii ni Michael Enoch, ambaye wenzake walimwita King. Miaka ya 1960 alikuwa mpiga gita la solo na kiongozi wa Dar es Salaam Jazz Band. Baadaye akawa nguzo ya Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, bendi iliyoanza mwaka 1978, na humo akapuliza saksafoni. Sikiliza jinsi wapulizaji wa Sikinde wanavyojua kusubiri. Mwimbaji anasimulia kisa chake, nao wako kimya. Mstari unaisha, wanajibu kwa noti chache, wanamwachia nafasi yake. Wimbo ukifika kwenye chemko, sehemu yake ya kasi, ndipo wanapofunguka, na kila wakirudi unaona wacheza dansi wamebadilisha mwendo. Naamini adabu ile ilitoka kwa watu kama Enoch, waliolijua gita kiasi cha kujua litapumua wapi.

Tena kuna hesabu ya vidole. Gita likipiga C, mwenye saksafoni ya alto anabonyeza A, na mwenye ya tenor anabonyeza D, ili wote watoe sauti moja. Wengi walijifunza hayo kwa sikio, wakiwa wamekaa ubavuni mwa mkubwa wao mazoezini. Mwimbaji akiwa na mafua akaomba wimbo ushushwe nusu toni, mpiga gita anasogeza mkono kidogo kwenye shingo ya gita. Mpulizaji anabadilisha vidole vya wimbo mzima, papo hapo, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mimi sijui kazi nyingine jukwaani inayodai akili ya haraka namna hiyo na kulipwa makofi machache namna hiyo.

Siku hizi bendi nyingi zimeacha kutumia wapulizaji. Saksafoni ni ghali, mianzi yake huagizwa nje na huchakaa upesi, na kinanda kina kitufe kinachotoa mlio wa kufanana. Ila ni kufanana tu. Kitufe hakina mdomo wa kulegeza noti pale mwimbaji anapoteleza, wala hakisikii kwamba baridi imelipandisha gita.

Ndiyo maana, nikiwaza wapulizaji wapya watatoka wapi, naitazama Makambako, mji wa mkoa huu wa Njombe, kwa tamaa. Hapo ndipo msafiri wa kutoka Dar kwenda Songea anapoiacha barabara kuu ya Mbeya na kushika njia ya Njombe, na treni ya TAZARA ina kituo chake hapo. Bendi yoyote iliyoelekea Songea kwa barabara hiyo ilipita hapo na vyombo vyake. Na nyanda hizi za juu zina watu wenye pumzi tayari. Kwaya za tarumbeta katika sharika za Kilutheri, mapokeo yaliyotoka kwa Wajerumani, zimewazoesha vijana kuvuta hewa hadi tumboni, kushikilia noti ndefu bila kuyumba, na kumsikiliza jirani kuliko kujisikiliza wenyewe. Saksafoni itawadai mdomo mpya na vidole vipya, lakini sehemu ngumu ya kuwa mpulizaji wameshaianza kila Jumapili.

Basi naziomba sharika, halmashauri, na ninyi wafanyabiashara wa mbao na parachichi wa mkoa wa Njombe: nunueni alto mbili. Chagueni kijana mmoja kutoka kwenye tarumbeta, mpelekeni chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Makumira kule Arusha, akasome muziki kwa sharti la kurudi kufundisha wenzake. Na wazee waliopuliza katika bendi zetu, kila aliye hai, waalikeni waje kukaa na vijana hawa mazoezini, tena waalikeni mwaka huu.