Haleluya ya Makaburini

Mwaka ule tulipiga kura ya nyimbo za Pasaka, na Handel akashinda. Kwaresima nzima tulijifungia na ile "Haleluya" ya Messiah, sauti nne, watu wa besi wakihesabu kwa vidole wasije wakaingia mapema. Nami nilimpigia kura. Nilitaka tusikike kama kwaya ya maana.

Usharika wetu wa Kilutheri huanza Pasaka makaburini, kabla jua halijatoka. Hakuna umeme, hakuna kinanda. Mwalimu alitupa sauti kwa mdomo, ikawa juu mno, soprano wakakwama kabla ya nusu. Waumini walitutazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Mama yangu tulikuwa tumemzika Februari. Udongo wake ulikuwa haujashikana bado.

Kosa si la Handel. Wimbo ule unafunga sehemu ya pili ya kazi iliyoimbwa hadharani kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, na maneno yake yametoka Ufunuo: ufalme, enzi, mfalme wa wafalme. Ni kweli yote. Lakini humo hamna jiwe, hamna sanda, hamna wanawake waliokuja alfajiri wakiogopa. Mfalme ameshakaa kitini. Sisi tulikuwa bado tumesimama kaburini.

Bibi mmoja nyuma akaanzisha "Mfurahini, Haleluya." Hakusubiri ruhusa. Watu wote wakaupokea.

Wimbo huo aliuandika Bernard Kyamanywa mwaka 1966, kwa mahadhi ya Kihaya. Ulrich Leupold akautia Kijerumani, na leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Wao wanauchagua, sisi kwenye kamati tuliuita wa Sunday school.

Tuliuona rahisi, tukadhani ni mwepesi. Beti zake zinahesabu siku tatu za kaburini, zinamleta malaika anayewaambia wanawake wasiogope, zinaonyesha kaburi tupu, kisha zinawatuma watu wakatangaze. Kila mara kiitikio kinarudi. Asubuhi ile sikuweza kuimba beti hata moja. Koo lilikuwa limefunga. Kiitikio kilipofika nilikidaka, kikaniponyoka, kikarudi tena. Wimbo unaomsubiri mfiwa hivyo si wa watoto.

(Tunauharibu pia, lazima niseme. Mpiga kinanda akishautia sebene, siku tatu za kaburini zinapita kama basi lililojaa linavyopita kituo.)

Kamati zetu huuliza kwaya inaweza nini, na wimbo upi haukuimbwa mwaka jana. Sijawahi kusikia mtu akiuliza nani amezika tangu Pasaka iliyopita.

Mwaka huu nimependekeza "Haleluya" ya Handel ibaki kanisani, ibada ya saa nne, kinanda kikiwepo. Makaburini, kama ni lazima awepo Handel, basi soprano mmoja aimbe ule wimbo unaofungua sehemu ya tatu, wenye maneno ya Ayubu, ambamo funza wanatajwa bila aibu. Mwenyekiti ameandika pendekezo langu kwenye daftari. Mwalimu wa kwaya ameuliza kama hao funza wanaweza kurukwa.