Santuri ya Taarabu Ikitoka Kabatini

Santuri ya taarabu inapotolewa kabatini katika nyumba ya Msambweni au Diani, baada ya masika mengi, macho hukimbilia lebo: je, ni Mzuri, ile ya Assanand wa Mombasa? Mwimbaji ni Zuhura Swaleh, Maulidi Juma au Zein l'Abdin? Jina kubwa halitengenezi mfereji wa sindano ulioharibika. Na katika pwani hii yenye unyevu na chumvi, santuri nyingi hupotea kwa kuwa wenyewe huchanganya uchafu na uchakavu, ilhali uchafu huoshwa na uchakavu hauna dawa.

Ipeleke dirishani, uiinamishe ili mwanga uipige kwa mshazari. Madoa meupe yaliyotapakaa ovyo ni kuvu. Yanatisha, lakini mengi hutoka kwa kitambaa laini na maji yasiyo na chumvi wala chokaa, kwa hiyo ya visima vya matumbawe hayafai. Cha kuogopa ni utepe wa kijivu unaozunguka sambamba na mifereji, hasa pale muziki unapopanda: hapo sindano nzito au butu imekwisha kula kuta. (Unaposafisha, spiriti isiguse kabisa zile sahani nzito za kasi ya 78, za zama za mwimbaji Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Zimefinyangwa kwa lakiri, na spiriti huiyeyusha.)

Kisha sikiliza mwisho wa upande kabla ya kuusifu mwanzo wake. Sahani ya inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika muda wote, lakini duara linazidi kuwa dogo: ukingoni sindano hupita takriban sentimita 40 kwa sekunde, karibu na lebo kama 25 tu. Sauti ileile imebanwa mahali finyu, ndiyo maana uchakavu hujitokeza hapo kwanza. Katika nyimbo za Zuhura kipimo ni ala ya taishokoto: nyuzi zake za chuma zikisikika mlio mmoja mmoja mpaka mwisho, sahani ni nzima. Zikigeuka mkwaruzo kila mwimbaji anapopandisha sauti, imeliwa, hata ikiwa inang'aa.

Wapo wanaoshikilia kwamba mkwaruzo ndio ladha ya ukale. Siafiki: wapiga udi na fidla hawakuurekodi, umeletwa na sindano na kabati. Hoja nzito zaidi ni kwamba nyimbo hizi zimo mtandaoni, basi kuhangaika kwa nini? Lakini nakala ya mtandaoni mara nyingi hurithi kasoro za sahani iliyonakiliwa, na huenda yako ndiyo iliyo safi zaidi. Hata iliyoliwa, ikiwa ni adimu, nakubali itunzwe, ila kama kumbukumbu. Isiuzwe kwa bei ya nzima. Ioshwe, ipigwe kwa sindano mpya na kurekodiwa mara hiyohiyo, kisha isimamishwe wima ndani ya jalada jipya, mbali na ukuta unaopigwa na upepo wa bahari.