Tawi Lisilo na Mizizi

Miongoni mwa kazi za bustani ya nyumbani, ni chache zinazostahili heshima kama kuotesha rozimari kwa tawi lililokatwa, kwa kuwa mtunza bustani hupokea kiumbe kilichotengwa na mizizi yake, na kwa majuma kadhaa uhai wa kiumbe hicho huwa mikononi mwake. Rozimari na thaimu ni za familia moja na mnanaa, mrehani na kivumbasi, lakini asili yake ni miteremko ya mawe na chokaa inayoizunguka bahari ya Mediterania, ambako kiangazi hakina mvua. Jani la rozimari ni jembamba, kingo zake zimekunjwa kuelekea chini, na upande wake wa chini umefunikwa na malaika meupe, mambo ambayo yote hupunguza upotevu wa maji. Harufu yake nayo hutoka katika tezi ndogo zilizo juu ya ngozi ya jani, zenye mafuta mepesi yanayoruka hewani mara jani linapoguswa.

Njia ya mbegu haifai kudharauliwa. Mbegu ya thaimu ni ndogo mno na huhitaji mwanga ili iote, hivyo hutawanywa juu ya udongo laini uliolowa bila kufukiwa, na katika joto la nyuzi 20 hivi huchipua baada ya juma moja hadi matatu. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika kwamba mbegu ya thaimu ilikuwa vigumu kuiona kwa kuwa imechanganyika na ua, hivyo watu walipanda ua lenyewe na mmea ukaota. Jicho lake lilikuwa kali, kwani kokwa nne za mmea huo hujificha ndani ya kikombe cha ua lililokauka, ambacho mdomo wake huzibwa na vinyweleo. Mbegu ya rozimari ni ngumu zaidi: nyingi hazioti, na zinazoota huchelewa na kupishana.

Ndiyo maana wakulima wengi wa rozimari hupendelea tawi. Huchaguliwa ncha isiyo na maua, yenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, laini juu lakini iliyoanza kukomaa chini. Hukatwa kwa kisu kikali chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapoota kwenye shina, kisha majani ya nusu ya chini huondolewa na tawi kuchomekwa katika mchanganyiko wa mchanga wa chembe kubwa na mboji kidogo. Kinachotokea humo ni cha ajabu. Ncha ya mmea hutengeneza oksini, homoni ya ukuaji ambayo Mholanzi Frits Went aliithibitisha mwaka 1928, na homoni hiyo husafiri kwenda chini hadi inapokomea kwenye jeraha, ikajikusanya hapo na kuziamsha seli za shina zigawanyike na kuwa mizizi. Wakulima wa Afrika Mashariki wanaijua kanuni hii kwa shina la muhogo, ila shina hilo hupandwa bila majani na likiwa na akiba ya wanga, ilhali tawi la rozimari lina akiba ndogo na majani yanayoendelea kupoteza maji. Kwa hiyo tawi hilo huwekwa katika kivuli chenye mwanga, likafunikwa kwa mfuko unaopitisha mwanga, na udongo ukaachwa uwe na unyevu bila kutota, kwa sababu maji yakizidi hufukuza hewa na kuleta uozo. Ustadi wote umo katika kiasi hicho, ambacho hakuna kitabu kinachoweza kukipima kwa niaba ya kidole. Baada ya majuma manne hadi nane, tawi likivutwa polepole na kukataa kutoka, limeshika.

Tawi lina fadhila nyingine kubwa, nayo ni uaminifu. Karibu na Montpellier, kusini mwa Ufaransa, wanasayansi wametambua aina sita za thaimu zinazofanana kwa sura lakini zikitofautiana kwa mafuta: moja hutoa mafuta makali yaitwayo timoli, nyingine mafuta yenye harufu ya malimau au waridi, na tofauti hizo hurithiwa. Mbegu huchanganya urithi wa wazazi, ilhali tawi hubaki kuwa mmea uleule, na anayepata thaimu ya harufu anayoipenda anaweza kuipitisha kwa jirani bila kuibadilisha.

Ubaridi wa Nairobi, Limuru au Lushoto huifaa rozimari, na mjini Nairobi mara nyingi huonekana ikiwa uzio hai wa nyumba. Pwani, unyevu wa hewa na mvua za masika huihatarisha, hivyo hupandwa katika chungu cha udongo chenye tundu, mchanga ukiwa mwingi, chini ya upenu. Popote ilipo, rozimari huzeeka na kuwa mti mgumu, na ikikatwa hadi kwenye shina kavu lisilo na jani kwa kawaida haichipui tena. Kwa sababu hiyo hupogolewa kidogokidogo ingali changa, na ncha zinazoondolewa ndizo hasa zinazofaa kuoteshwa, ili mche wa kuchukua nafasi ya mama uwe tayari kabla hajachoka.