Vipande Vilivyobaki Tumboni

Fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, inaweza kukua hadi ikalingana na kichwa cha mtoto mchanga, na upasuaji wa kamera hupitia matundu ya sentimita moja hivi. Katika miaka ya 1990 madaktari walilitatua tatizo hilo kwa mashine: bomba lenye wembe unaozungushwa kwa umeme, linalokata uvimbe humo humo tumboni na kuuvuta nje vipande vipande. Mgonjwa alipata kidonda kidogo, maumivu machache na siku chache za kulazwa. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli.

Lakini wembe ukizunguka hurusha chembe. Nyingine huangukia katikati ya utumbo, nyingine nyuma ya kizazi, na hata tumbo likisuuzwa vizuri si zote zinazotoka. Kipande kilichobaki kinaweza kujishikiza kwenye utando wa tumbo, kikajipatia damu kutoka mishipa ya jirani na kukuzwa na homoni zile zile zilizoikuza fibroidi ya kwanza. Miaka kadhaa baadaye mwanamke anahisi uzito au maumivu, pengine hahisi kitu, na kipimo kinaonyesha uvimbe mbali kabisa na kizazi. Jambo hili ni nadra. Tafiti nyingi zinaliweka chini ya asilimia 1 ya waliopasuliwa kwa mashine hiyo. Ugumu ni kwamba kwenye picha linafanana na saratani iliyosambaa, na daktari asiyejua historia ya mgonjwa anaweza kupotea njia.

Kibaya zaidi ni pale uvimbe wenyewe unapokuwa saratani iliyojificha, yaani sarkoma, ambayo vipimo vya kabla ya upasuaji huweza kushindwa kuitofautisha na fibroidi. Ndivyo ilivyompata Amy Reed, daktari wa usingizi, aliyetolewa kizazi kwa mashine hiyo mjini Boston mwaka 2013. Alipigania kubadilishwa kwa utaratibu huo hadi alipofariki mwaka 2017. Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo, ikikadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 350 wanaopasuliwa kwa sababu ya fibroidi huwa na sarkoma asiyoijua. Mwaka 2020 ikapendekeza kwamba uvimbe ukikatwa kwa mashine, ukatwe ndani ya mfuko maalumu tu. Kwa maoni yangu, mfuko huo ulipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Kwetu Afrika Mashariki wengi bado hupasuliwa kwa kufungua tumbo. Hapo hofu ya baadaye ni nyingine: utumbo kushikamana, au kovu la kizazi kupasuka wakati wa mimba au uchungu, hasa pale ukuta ulipokatwa kwa kina.

Kwa hiyo dada, kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani omba maandishi: uvimbe ulitolewaje, kizazi kilikatwa kwa kina gani, na maabara imesema nini. Yatunze, na umwonyeshe kila daktari atakayekupima baadaye.