Herufi Moja katika Jina la Shaaban Robert

Katika insha za wanafunzi, na hata katika vitabu vilivyopigwa chapa kwa uangalifu zaidi, jina la mtungaji wa Kusadikika huandikwa kwa namna tatu au nne: Shaaban, Shaban, Shabaan, na mara nyingine Shabani. Jambo hili aghalabu huhesabiwa kosa dogo la mkono. Mhakiki atakayesimamisha mjadala wa haki na utawala ili aulize habari ya irabu moja ataonekana mtu wa kuokota makapi na kuacha nafaka. Walakini mtungaji mwenyewe hakuyachukulia majina hivyo. Mshitakiwa katika Kusadikika (1951) ni Karama, na mshitaki wake ni Majivuno. Wajumbe ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Katika Adili na Nduguze (1952) ndugu wawili wa Adili ni Hasidi na Mwivu, na msomaji aliyeyaelewa majina yao amekwisha kuujua nusu ya mwendo wa hadithi kabla ndugu hao hawajatenda neno. Kwa mtungaji wa namna hiyo jina ni sehemu ya hoja. Haielekei kazi yake isomwe kwa makini na jina lake liandikwe kwa kubahatisha.

Irabu mbili za mwanzo zina asili yake. Jina ni la mwezi wa nane wa kalenda ya Kiislamu, ule unaofuata Rajabu na kutangulia Ramadhani. Katika Kiarabu silabi ya kwanza hufungwa kwa herufi ya ain, sauti ya kooni ambayo matamshi ya kawaida ya Kiswahili hayana. Kiswahili kikaijaza nafasi yake kwa irabu ya pili. Ndivyo kilivyofanya katika maana, maarifa, taarifa na baada, maneno ambayo yote yana ain mahali pale pale. Irabu ndefu ya Kiarabu imo katika silabi ya pili, na hapo ndipo anapopotea mwandishi wa Shabaan: amekumbuka kuwa kuna a mbili, akaziweka zinapokaa katika Kiarabu, si zinapokaa katika Kiswahili. Mwandishi wa Shaban hana hata udhuru huo. Kama angefuata kanuni yake mpaka mwisho angeandika pia marifa na tarifa, na mwalimu angeyapigia mstari wa wino mwekundu.

Kwa nini basi marifa hukataliwa na Shaban hupita? Sikio halina upendeleo kati ya maneno hayo. Katika mazungumzo watu wengi hutia i mwishoni mwa jina, mkazo ukaangukia ba, kama unavyoangukia ri katika maarifa. Na katika maneno yote mawili a ya pili, kwa kuwa yatangulia mkazo, humezwa. Tofauti iko katika kamusi. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili cha Afrika ya Mashariki, tahajia ya maneno imekuwa na mlinzi. Majina ya watu hayamo katika kamusi, na kila karani amekuwa kamusi ya nafsi yake. Shaaban Robert alikuwa karani pia, katika idara ya forodha tangu 1926 mpaka 1944, na baadaye alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili. Pande zote mbili za kalamu hiyo alizijua.

Na jina hili si lake peke yake. Katika viunga vya Dar es Salaam, Tandika na Mbagala upande wa Temeke, Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni, wamo wengi walioitwa kwa mwezi huo, wala hawakutunga kitabu. Huko irabu moja ina bei. Mtu huandikwa Shaaban katika cheti cha kuzaliwa, Shabani katika cheti cha shule, na Shaban katika kitambulisho. Mitaani kote huitikia mwito mmoja, lakini mbele ya meza ya ofisi yeye ni watu watatu. Hapo hutakiwa hati ya kiapo, aape mbele ya wakili kwamba hao watatu ni yeye. Nauli ni yake na siku iliyopotea ni yake, ingawa kalamu iliyokosea haikuwa yake. Mjane wa mtu huyo ana taabu kubwa zaidi anapofuata mirathi, kwani mwenye jina hawezi tena kuapa. Temeke hiyo hiyo ina mtaa wa Chang'ombe, ambao mara kwa mara huandikwa bila ritifaa, hata ng'ombe waliomo ndani ya jina wakageuka wanyama wasiojulikana. Na wenye majina yanayoanza kwa Ng', ambao mji huu umewapokea kwa wingi kutoka Usukumani na kwingineko, wanayajua madhara ya alama hiyo ndogo.

Isidhaniwe kuwa dawa ni kurudi Uarabuni. Juma lilikuwa na ain, likaipoteza yote, wala hakuna anayeililia. Kijana wa Tandale ajiandikaye Shabani, kama baba yake alivyojiandika, hakukosea. Ndilo jina lake, na msomi atakayemsahihisha kwa kumwongezea a amefanya yale yale ya karani, tena kwa majivuno zaidi. Lugha hulitengeneza jina kama mto unavyotengeneza jiwe, lakini likiisha kushika umbo mkononi mwa mtu, mkono huo ndio wenye hukumu. Mkono wa mtungaji wa Kusadikika uliandika Shaaban.

Lipo kosa jingine, lililo kubwa kuliko la irabu, nalo wasomi hulifanya kwa kudhani wanafuata adabu ya taaluma: "Robert anasema", "kwa maoni ya Robert". Robert ni jina la baba yake. Jina hilo limewafanya wageni wengi wamdhanie Mkristo, naye alikuwa Mwislamu. Na matoleo kadhaa ya vitabu vyake yaliondoa shaka kwa kuandika Shaaban bin Robert. Desturi ya Ulaya ya kupanga watungaji kwa jina la ukoo imelichukua jina la mzazi na kulifanya la ukoo, na maktaba zikamweka mtungaji chini ya R, mahali ambapo jirani yake wa Tanga asingekwenda kumtafuta. Anayesema "Robert ametunga Utubora Mkulima" amemsifu mzee kwa kazi ya mwanawe.

Mfano ulio karibu umo katika kazi za mtungaji huyo huyo. Aliandika wasifu wa mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa, kisha mjini akapewa jina la Siti, ambalo ndilo lililobaki. Baba yake ni Saad, jina lenye ain ile ile na a mbili zile zile. Mpenzi wa taarab hasemi kuwa Saad aliimba, husema Siti.