Mwana Kupona na amana aliyoiweka kwa Mola

Kila linapotajwa jina la Mwana Kupona, ubishi ni uleule: anamfundisha bintiye adabu, au anamfunga pingu? Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utendi wake na kuupa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha za Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Jina hilo limetuziba macho mpaka leo. Tunasoma habari za mume, tunabishana, kisha tunafunga kitabu kabla hatujafika pale mama huyu anapoinua mikono. Kwangu mimi, moyo wa utendi uko huko mwishoni, kwenye dua.

Hebu tutazame hali yake. Ni 1858, mjini Siu, kisiwani Pate. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar, alifariki 1856. Yeye mwenyewe yu mgonjwa, na anasema wazi kwamba maradhi yametimiza mwaka. Anamwita binti aje na wino na karatasi, kwa sababu lipo la kumwachia.

Anamtajia radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Hiyo ya tano yeye keshaipata, maana anasimulia jinsi Bwana Mataka alivyokata roho akiwa radhi naye. Lakini jamani, radhi ya marehemu haimlindi yatima. Ukifika kwenye dua, mume hayupo tena wa kutegemewa. Amebaki mama, watoto na Mola.

Hapo ndipo linapokuja neno amana. Watoto anawaweka kwa Mungu kama amana. Nasi tunaijua amana: si zawadi, wala si sadaka. Aliyeiweka ana haki ya kuiulizia, na aliyewekewa anabeba dhima ya kuitunza. Kwa hiyo tumaini la Mwana Kupona si la kukunja mikono na kusema liwalo na liwe. Anaomba, anataja haja zake, anarudi kuomba tena. Anamtegemea Mungu na bado ana huzuni, wala haoni sababu ya kuificha.

Kazi yangu ya habari hunipeleka misibani mara kwa mara. Huko nasikia "kazi ya Mungu haina makosa" ikitamkwa harakaharaka, ili mfiwa anyamaze na sisi wengine tupumue. Mwana Kupona hana haraka hiyo.

Dosari ipo. Baadhi ya beti za dua zinafuata mazoea ya tendi nyingi, na msomaji wa leo anaweza kuhisi kasi imelegea. Vumilia tu, maana marudio hayo ndiyo pumzi ya mtu anayeomba usiku kucha.

Alifariki takriban 1860. Utendi hautuambii kama aliyoyaomba alijibiwa, na hauwezi kutuambia. Ndiyo maana namwamini kuliko wahubiri wanaotuahidi majibu kabla ya wiki kwisha. Yeye aliweka amana yake akaondoka, bila risiti mkononi, kwa kuwa alimjua aliyemwekea.

Ukiurudia utendi huu, safari hii anzia mwishoni.