Ken Holland na Maarifa ya Kuteua Mwishoni

Katika michezo ya kulipwa ya Amerika ya Kaskazini, nguvu ya klabu hutegemea kwa sehemu kubwa watu ambao mashabiki hawawajui kwa sura, nao ni wasaka vipaji, yaani waajiriwa wanaozunguka viwanjani msimu mzima kuwatazama vijana, kuandika ripoti juu yao na kuwashauri viongozi ni nani achukuliwe na ni nani aachwe. Miongoni mwa waliopanda kutoka kazi hiyo hadi kilele cha uongozi wa hoki ya barafuni, Ken Holland, aliyezaliwa mwaka 1955 katika mji wa Vernon, jimbo la British Columbia nchini Kanada, anastahili kuchambuliwa peke yake. Kama mchezaji hakuwahi kupata nafasi ya kudumu katika ligi kuu, lakini kama kiongozi alishiriki kuijenga klabu ya Detroit Red Wings iliyotwaa Kombe la Stanley, taji kubwa kuliko yote ya ligi hiyo, mara 4 kati ya mwaka 1997 na 2008. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ushindi huo ulisimama juu ya utaratibu wenye nguzo 3, ambazo ni kumwamini msaka vipaji aliyeko mahali penyewe, kuthamini akili ya mchezo kuliko umbo la mwili, na kumpa kijana muda wa kukomaa.

Ili utaratibu huo ueleweke, hapana budi kueleza kwanza mazingira yake. Hoki ya barafuni huchezwa na watu 6 kila upande, akiwamo golikipa, ambao huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli na kugombea kwa magongo kisahani cha mpira mgumu kiitwacho paki. Ligi iliyo juu ya nyingine zote ni Ligi ya Taifa ya Hoki, inayojulikana kwa herufi NHL, na chini yake ipo Ligi ya Hoki ya Marekani, yaani AHL, ambamo kila klabu kubwa huwa na timu ya kuwalea wachezaji wake. Vijana huingia katika mfumo huo kwa njia ya uteuzi wa kila mwaka, ambapo klabu hupokezana zamu za kuchagua wachezaji wenye umri wa kuanzia miaka 18, na klabu iliyochagua jina ndiyo hupata haki ya kumsajili mwenye jina hilo. Kwa kuwa zamu hupangwa hasa kwa kuzitanguliza timu dhaifu ili ligi isimilikiwe na wachache, klabu inayoshinda hujikuta kila mwaka ikichagua mwishoni, baada ya vijana wenye sifa zilizo wazi kuondoka, na hapo ndipo ustadi wa msaka vipaji unapopimwa kweli.

Holland alipitia uteuzi huo upande wa anayechaguliwa, na alichaguliwa mwishoni. Alikuwa golikipa wa timu ya vijana ya Medicine Hat Tigers huko Alberta, na mwaka 1975 klabu ya Toronto Maple Leafs ilimchukua akiwa jina la 188. Sehemu kubwa ya miaka iliyofuata aliitumia katika ligi za chini, ikiwamo misimu yake ya Binghamton na ile ya Adirondack, zote katika jimbo la New York, huku akisubiri wito wa ligi kuu ambao ulifika kwa nadra. Jumla ya michezo aliyocheza NHL ni 4, mmoja akiwa na Hartford Whalers na 3 akiwa na Detroit. Mwaka 1985, alipokuwa anakaribia kutimiza miaka 30 na mkataba wake ukiwa umekwisha, nyumbani kwao ilikuwa imeanza kutajwa kazi ya kuuza mashine za kusafishia mazulia, hadi Jim Devellano, meneja mkuu wa Detroit wakati huo, alipompa kazi ya kusaka vipaji katika eneo la magharibi mwa Kanada.

Uamuzi wa Devellano ulikuwa na mantiki. Mchezaji nyota, ambaye mambo yalimjia kwa wepesi, mara nyingi hushindwa kueleza kilichomfikisha juu, ilhali aliyeishi miaka 10 kwenye mpaka wa ligi kuu huujua mpaka huo kwa undani, kwa sababu kila siku alikuwa akijipima na wenzake waliovuka na waliobaki. Golikipa, zaidi ya hayo, huutazama mchezo wote ukija mbele yake, akalazimika kusoma nia ya mshambuliaji kabla pigo halijapigwa, na kazi ya msaka vipaji ni ya namna hiyo hiyo ya kusoma lisilotokea bado. Eneo alilokabidhiwa lilikuwa chuo kigumu, kwa kuwa ligi ya vijana ya magharibi imetawanyika katika majimbo mapana yenye baridi kali, na mtu anayeifuatilia hulazimika kusafiri mwendo mrefu ili kumwona mchezaji yule yule akiwa nyumbani na ugenini, akiwa mzima na akiwa amechoka, ndipo athubutu kutoa hukumu.

Klabu aliyoanza kuitumikia ilikuwa katika hali mbaya. Detroit ilikuwa haijatwaa kombe tangu mwaka 1955, na katika msimu wa 1985–86 ilishinda michezo 17 tu kati ya 80. Mabadiliko makubwa yalionekana katika uteuzi wa mwaka 1989, ambapo klabu ilimchukua beki Nicklas Lidström wa Uswidi akiwa jina la 53, mshambuliaji Sergei Fedorov wa Muungano wa Kisovieti akiwa wa 74, na beki Vladimir Konstantinov, naye wa nchi hiyo, akiwa wa 221. Sifa ya uteuzi huo si ya Holland, ambaye wakati huo alikuwa bado msaka vipaji wa eneo. Ni ya Devellano, ya Neil Smith aliyeongoza idara, na ya Christer Rockström aliyekuwa macho ya klabu nchini Uswidi. Klabu nyingine ziliwaogopa Wasovieti kwa sababu serikali yao haikuwa ikiwaruhusu kuondoka kwa hiari, lakini Detroit ilipima kwamba katika raundi za chini, ambamo vijana wengi wa Kanada waliobaki wasingefika popote, kumchukua mchezaji bora ambaye huenda asije ni hasara ndogo yenye matumaini makubwa. Fedorov alikuja mwaka 1990 na Konstantinov mwaka uliofuata, naye Lidström alicheza misimu 20 na kutunukiwa mara 7 tuzo ya beki bora wa ligi.

Mchango wa Holland ulikuwa kuigeuza bahati ya mwaka mmoja kuwa desturi ya klabu. Baada ya Smith kuhamia New York, Holland alikabidhiwa uongozi wa wasaka vipaji wa chipukizi, mwaka 1994 akawa meneja mkuu msaidizi, na mwaka 1997 akawa meneja mkuu, yaani mwenye kauli ya mwisho kuhusu usajili wote. Katika ngazi zote hizo alishika kanuni moja, kwamba mtu aliyemwona mchezaji kwa macho yake asikilizwe kuliko mkubwa aliyesoma ripoti. Nchini Uswidi mtu huyo alikuwa Håkan Andersson, ambaye kabla ya kuajiriwa alikuwa akiwaongoza watalii katika uvuvi wa samaki, na ambaye mwaka 1994 alimtetea mshambuliaji Tomas Holmström, aliyeteleza vibaya kiasi cha kupuuzwa na wengi lakini aliyekuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya goli la wapinzani na kuvumilia mapigo ya mabeki. Detroit ilimteua akiwa wa 257, naye akatwaa makombe 4 na kucheza zaidi ya michezo 1,000.

Mfano wa Pavel Datsyuk unaonyesha kanuni hiyo kwa ukamilifu. Andersson alikwenda Urusi kumtazama beki aitwaye Dmitri Kalinin, na katika mchezo huo akavutiwa na kijana mdogo wa umbo kutoka Yekaterinburg aliyekuwa akiwapokonya paki wakubwa zake na kupitisha pasi zisizotarajiwa. Datsyuk alikuwa amekwisha kuachwa katika uteuzi wa miaka 2 iliyotangulia, hakuwa akiichezea timu ya taifa ya vijana, na hakuna dalili kwamba wasaka vipaji wengine wa NHL walikuwa wakimfuatilia. Mwaka 1998 Detroit ilimchukua akiwa wa 171, ikijua kwamba kwa kuwa hajulikani hapakuwa na haja ya kutumia nafasi ya juu kwa ajili yake, na hilo nalo ni sehemu ya maarifa ya kazi, kwani kumtambua mchezaji mzuri ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kukadiria wengine wanamthamini kiasi gani. Datsyuk alipata tuzo ya mshambuliaji bora katika ulinzi mara 3, na mwaka 2024 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Hoki.

Mwaka 1999 mtihani ulikuwa mzito zaidi. Katika kuimarisha kikosi cha msimu huo Holland alikuwa ametoa zamu zake za juu ili kupata wachezaji waliokomaa, hivyo jina la kwanza ambalo klabu iliruhusiwa kulitaja lilikuwa la 120. Katika nafasi ya 210 ilimchagua Henrik Zetterberg, Mswidi mwembamba ambaye wengi walimwona hana mwili wa kuhimili ligi kuu. Andersson na Jim Nill, msaidizi wa Holland, walikuwa wamekwenda kumwona mchezaji mwingine, lakini walitambua kwamba paki ilikuwa daima kwa huyu mdogo. Hapa nguzo ya pili inadhihirika: mwili wa kijana wa miaka 18 unaweza kuongezeka kwa chakula na mazoezi, ilhali uwezo wa kujua pa kusimama na wakati wa kutoa pasi haufundishiki kwa urahisi, na kwa sababu hiyo klabu inayochagua mwishoni hufanya vyema kununua kisichofundishika na kukisubiri kinachokua.

Kusubiri huko ndiko nguzo ya tatu, na ndiko kunakounganisha kwa uwazi maisha ya Holland ya uchezaji na uongozi wake. Aliamini kwamba mchezaji ni kama tunda linalopaswa kuachwa mtini hadi liive kupita kiasi, ndipo lichumwe, kwa hiyo vijana wa Detroit walibaki Ulaya au katika timu ya AHL ya Grand Rapids kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi kwingine. Datsyuk alifika ligi kuu miaka 3 baada ya kuteuliwa, Zetterberg vilevile, na golikipa Jimmy Howard, aliyeteuliwa mwaka 2003, hakuwa chaguo la kwanza hadi msimu wa 2009–10. Kwa mtu aliyeitumikia ligi ya chini mwenyewe, timu ya Grand Rapids haikuwa ghala la walioshindwa, bali darasa lenye thamani yake.

Wapo wanaodai kwamba siri ya Detroit ilikuwa fedha, na dai hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa kikosi kilichotwaa kombe mwaka 2002 kilijaa nyota waliotoka klabu nyingine, kama Dominik Hašek, Brett Hull na Luc Robitaille. Lakini mwaka 2005, baada ya msimu mzima kufutwa kwa mgogoro wa mishahara, ligi iliweka ukomo wa jumla ya mishahara ya kila klabu, ambao kwa msimu wa kwanza ulikuwa dola milioni 39, na klabu tajiri zikanyang'anywa silaha yao. Miaka 3 baadaye Detroit ilitwaa tena kombe, ikiongozwa na nahodha Lidström, huku Zetterberg akichaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano, akisaidiwa na Datsyuk, Holmström na Johan Franzén, ambaye aliteuliwa akiwa wa 97 na akiwa na umri wa miaka 24. Ushindi huo ndio ushahidi thabiti kwamba utaratibu ulikuwa na nguvu yake pasipo fedha.

Utaratibu huo, hata hivyo, ulikuwa na mipaka yake. Faida ya kutazama Ulaya ilipungua kadiri klabu nyingine zilivyopeleka watu wao huko, na raundi za uteuzi zilipunguzwa hadi 7, hivi kwamba jina la 257 kama la Holmström leo halifikiwi kabisa. Detroit iliingia hatua ya mtoano kwa misimu 25 mfululizo hadi mwaka 2016, lakini subira iliyowafaa chipukizi ilitumika pia kwa wakongwe waliopewa mikataba mirefu, na misimu 3 ya mwisho ya Holland kama meneja mkuu ilipita bila mtoano. Baadaye aliiongoza Edmonton Oilers kuanzia mwaka 2019 hadi 2024, ambapo timu hiyo ilifika fainali na kushindwa katika mchezo wa 7, na mwaka 2025 alikabidhiwa Los Angeles Kings.

Hukumu inayofaa, basi, ni kwamba Holland hakuwa na jicho la ajabu kuliko wenzake, na wachezaji wanaotajwa zaidi katika sifa zake wengi waligunduliwa na watu wengine. Alichokuwa nacho ni uelewa, uliotokana na miaka mingi ya ligi za chini, kwamba mchezaji ni safari wala si picha ya siku moja, na uthabiti wa kuijenga idara ambayo mtu wa mbali husikilizwa, akili hupewa uzito kuliko misuli, na kijana haharakishwi. Kwa kazi hiyo alichaguliwa mwaka 2020 kuingia Jumba la Heshima la Hoki katika kundi la wajenzi wa mchezo, yeye ambaye kama mchezaji alicheza michezo 4 tu katika ligi kuu.